Gabriela Mistral: binti wa kijijini aliyeuliza haki za wanawake ni za wanawake gani

Ukishika noti ya peso 5,000 ya nchi ya Chile, kule Amerika ya Kusini, utakuta sura ya mwanamke mwenye macho makini na nywele zilizovutwa nyuma. Amekuwa kwenye noti hiyo tangu mwaka 1981. Huyo hakuwa malkia wala mke wa rais. Alikuwa mwalimu wa shule, mtoto wa fundi cherehani, aliyezaliwa bondeni, mbali na mji mkuu. Hakupata masomo rasmi zaidi ya shule ya msingi na chuo cha ualimu kilimfungia mlango. Hata hivyo, mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, akiwa mtu wa kwanza kuipata kutoka Amerika ya Kilatini yote.

Jina lake la uandishi ni Gabriela Mistral. Amefariki miaka mingi, tangu 1957. Kwa nini basi tumlete hapa kwetu Kagera?

Kila mwezi wa Machi, Siku ya Wanawake Duniani inapokaribia, tunatangaza salamu na hotuba. Na kila mwaka kuna swali linalobaki hewani kwa mama wa Kamachumu, Nshamba au Katoro anayesikiliza huku akimenya ndizi: haki hizi zinazotajwa zitafika lini huku kwenye migomba? Gabriela aliuliza swali la namna hiyo karibu miaka 100 iliyopita. Aliwauliza wanawake wenzake, tena wale waliokuwa mstari wa mbele kudai haki. Ili kuelewa kwa nini aliuliza, inabidi tuanze utotoni mwake.

Mtoto wa Montegrande

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1889 katika mji mdogo wa Vicuña, kaskazini mwa Chile. Wazazi wake walimpa jina la Lucila Godoy Alcayaga. Bonde la Elqui walikoishi ni jembamba, limebanwa na milima mikavu. Kijani chake kinategemea mto unaopita katikati, na watu wake wanalima zabibu na matunda. Baba yake, Jerónimo, alikuwa mwalimu na mtunzi wa mashairi, mtu wa kupenda nyimbo na safari. Lucila alipokuwa na miaka mitatu hivi, baba huyo aliondoka nyumbani. Hakurudi kuishi nao tena.

Nyumba ikabaki ya wanawake watupu. Mama, Petronila, alishona nguo za watu. Dada mkubwa wa mama mmoja, Emelina, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji cha Montegrande, na familia iliishi hapo hapo shuleni. Emelina ndiye aliyemfundisha Lucila kusoma na kuandika, na mshahara wake mdogo ndio uliowalisha. Kwa hiyo, kabla hajasikia hotuba yoyote ya haki za wanawake, mtoto huyu alikwisha kuona kwa macho yake nani anabeba nyumba mwanamume anapoondoka.

Wasikilizaji wetu wengi wanaijua nyumba ya namna hiyo. Baba ameenda visiwani kuvua, au ameenda mjini kutafuta, na habari zake zimekatika. Mama yuko na jembe, dada mkubwa ameacha mambo yake ili wadogo wale na wasome.

Jina la mwizi

Alipofika miaka 11 hivi, Lucila alipelekwa shule ya Vicuña. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa mama asiyeona vizuri, na Lucila alipewa kazi ya kumwongoza njiani na kugawa karatasi za shule kwa wanafunzi. Karatasi zikaisha kabla ya wakati. Wenzake walikuwa wanachukua zaidi ya fungu lao, na yeye, mtoto mwenye aibu na mpole wa kauli, hakujua kuwakatalia. Lawama ikamwangukia yeye. Akaitwa mwizi mbele ya darasa zima, na alipotoka nje wanafunzi wenzake wakamrushia mawe. Alirudishwa nyumbani. Ukubwani alisimulia kisa hiki mara nyingi, na wanaosoma maisha yake wanasema jeraha hilo halikupona.

Angekuwa mtoto mwingine, habari ingeishia hapo. Binti kafukuzwa shule, mama hana fedha, basi asubiri kuolewa. Lakini nyumbani kulikuwa na Emelina na vitabu vyake, na bibi mzaa baba aliyempa mafungu ya Biblia ayakariri. Lucila akajisomea.

Mwaka 1904, akiwa na miaka 15, alipata kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ndogo ya Compañía Baja, karibu na mji wa La Serena. Wazee wetu wanaokumbuka miaka ya sabini, wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, watamwelewa haraka. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa chaki wakaingia darasani, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Lucila alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Kati ya wanafunzi wake walikuwamo watu wazima waliomzidi umri, vibarua wasiojua kusoma.

Makala ya Machi 1906

Akaanza pia kuandika kwenye magazeti ya mkoa wake. Mwezi Machi mwaka 1906, kabla hajatimiza miaka 17, gazeti la La Voz de Elqui lilichapa makala yake kuhusu elimu ya mwanamke. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kujibu. Msichana aliyenyimwa elimu hana njia ya kujilisha isipokuwa ndoa, na ndoa ya kutafuta chakula ni aina ya utumwa. Mfundishe, ili asimame kwa miguu yake na asihitaji kujidhalilisha kwa mtu yeyote. Wala hakutaka elimu hiyo iishie kwenye kushona na kupika. Alitaka mwanamke ajue sayansi na historia kama mwanamume.

Hakuyatoa hayo kwenye kitabu cha nadharia za ufeministi. Aliyatoa kwa mama yake, kwa dada yake, na kwa wasichana aliowafundisha.

Bei ya kuandika ilikuja haraka. Aliomba kuingia chuo cha ualimu cha La Serena ili apate cheti. Kasisi wa chuo hicho akapinga, akisema maandishi ya binti huyu yana mawazo yasiyo ya Kikristo na yanaweza kuharibu wanafunzi wengine. Mlango ukafungwa. Ni mara ya pili sasa: kwanza aliitwa mwizi, safari hii akaitwa hatari.

Alikwenda kuupita mlango huo kwa njia nyingine. Mwaka 1910 alisafiri hadi Santiago, mji mkuu, akafanya mtihani wa ualimu bila kukaa chuoni hata siku moja, akafaulu. Tangu hapo akafundisha kutoka kaskazini yenye jangwa hadi Punta Arenas, kusini kabisa kwenye baridi kali, alikopelekwa mwaka 1918 kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana. Mwaka 1920, akiwa mkuu wa shule mjini Temuco, alimpa kijana mmoja mwembamba riwaya za Warusi asome. Kijana huyo baadaye alijulikana duniani kama Pablo Neruda, na mwaka 1971 naye akapata Nobel.

Hadithi ya mchumba aliyekufa

Jina la Gabriela Mistral lilianza kuvuma Desemba 1914, aliposhinda shindano la ushairi mjini Santiago. Mashairi yake yalihusu kifo na majonzi. Watu wakatafuta maelezo, wakayapata: mwaka 1909 kijana mmoja mfanyakazi wa reli, Romelio Ureta, ambaye Lucila aliwahi kuwa na urafiki naye, alikuwa amejiua. Basi ikatengenezwa hadithi ya bikira aliyefiwa na mchumba, akaapa kutoolewa, akageuza watoto wa shule kuwa watoto wake. Vitabu vya shule viliisimulia hadithi hiyo kwa miaka mingi. Chile ikamwita mama wa taifa.

Ukweli ulikuwa mpana zaidi. Gabriela hakuolewa, na watu waliokuwa karibu na moyo wake ukubwani walikuwa wanawake. Msanii Laura Rodig, aliyechora na kuchonga sanamu, aliishi naye na kusafiri naye tangu siku za ualimu. Palma Guillén, mwalimu wa Mexico, alikuwa mwenzake wa miaka mingi, na alimsaidia kumlea Juan Miguel, mtoto wa ndugu ambaye Gabriela alimchukua kama mwanawe na ambaye alifariki akiwa bado kijana, nchini Brazil mwaka 1943. Na tangu mwaka 1948 hadi anakufa alikuwa na Doris Dana, Mmarekani ambaye Gabriela alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 30.

Doris aliyaficha makaratasi ya Gabriela na alikana kwamba walikuwa wapenzi. Alipofariki mwaka 2006, mali hiyo ilirudishwa Chile, na mwaka 2009 barua zao zikachapwa kitabu. Ni barua za mapenzi. Zina wivu, hofu ya kuachwa, na maelezo ya nyumba na fedha, kama barua za mtu yeyote aliyeshikwa na penzi. Jambo moja linahitaji ufafanuzi kwetu sisi. Kiswahili, kama Kihaya, hakibadilishi neno kwa sababu msemaji ni mke au mume. Kihispania hubadilisha. Katika barua hizo Gabriela mara nyingi alijitaja kwa maneno ya kiume.

Tunajua sehemu hii ya maisha yake itawafanya baadhi ya wasikilizaji wakunje uso. Hapa kwetu jambo hili ni zito, mbele ya sheria na mbele ya dini. Lakini anayesimulia maisha ya mtu hana ruhusa ya kuyakata vipande, abakishe kinachopendeza. Hivyo ndivyo Chile ilivyomfanyia kwa zaidi ya miaka 50. Ilimpenda mwalimu, ikamficha mtu. Na yeye aliyajua hayo. Uvumi kuhusu sauti yake, mavazi yake na mwendo wake aliousikia kama wa kiume ulimfuata tangu ujana, na ulikuwa sehemu ya uchungu aliokuwa nao na nchi yake. Aliondoka Chile mwaka 1922 na, ukiacha ziara chache, hakurudi kuishi.

Mexico, na jibu kwa wanawake wa mjini

Aliondoka kwa mwaliko. Serikali ya Mexico, baada ya mapinduzi, ilikuwa inajenga shule vijijini na kupeleka maktaba kwa wakulima na Wahindi wenyeji. Waziri wa Elimu, José Vasconcelos, alimwita asaidie. Gabriela alizunguka vijijini, akazungumza na walimu, akatayarisha kitabu cha kusomwa na wanawake. Nyumbani Chile kulikuwa na walimu wenye shahada waliolalamika kwamba mtu asiye na cheti cha chuo kikuu amepewa shule kubwa ya wasichana. Mexico haikumuuliza cheti.

Miaka hiyo harakati za wanawake zilikuwa zimechangamka mijini. Santiago kulikuwa na vilabu vya wanawake vya kusoma na kujadili, na baraza la wanawake lililodai haki za kiraia na kura. Wengi wa viongozi wake walikuwa wasomi na wake za watu wenye uwezo. Walimwomba Gabriela, jina kubwa wakati huo, ajiunge na baraza lao. Mwaka 1925 aliandika jinsi alivyowajibu: atajiunga kwa furaha siku vyama vya wanawake wafanyakazi vitakapokuwa na viti ndani ya baraza hilo. Hapo ndipo litakuwa kweli la taifa.

Jibu hilo halikuwa la kudharau haki ya kura. Lilitoka kwa mtu aliyewajua wafuaji nguo, washonaji na vibarua wa mashamba ya zabibu kwa majina. Aliona kwamba mwanamke wa mjini anaweza kushinda haki zake zote, na mwanamke wa shamba asijue kama kuna lililobadilika. Alitaka mjadala uanze na mshahara, ardhi, mtoto na shule.

Si kila alichosema kinakubalika leo. Mwaka 1927 aliandika kwamba kazi nzito kama za migodini wasipewe wanawake, na kwamba kazi za malezi na za mikono myepesi ziwe zao. Watetezi wengi wa wanawake walimpinga, wakisema anawarudisha jikoni kwa mlango wa nyuma. Mara nyingine alikataa hata kuitwa mfeministi. Lakini mtu aliyeandika akiwa na miaka 16 kwamba msichana asilazimike kuolewa ili ale, na akaishi maisha yake yote kwa kazi ya kalamu na kichwa chake, alikuwa ameifika harakati hiyo kwa njia yake ya kijijini. Wanawake wa Chile walipata haki kamili ya kupiga kura mwaka 1949. Wakati huo Gabriela alikuwa balozi mdogo wa nchi yake ugenini, kazi aliyoianza mwaka 1932 na iliyomfikisha Italia, Hispania, Ureno, Ufaransa, Brazil na Marekani.

Swali lake na Muleba yetu

Swali la Gabriela lina jibu moja ambalo tunalifahamu hapa mkoani. Mwaka 1963 sheria za mila ziliandikwa, zikiwamo za Wahaya. Kanuni mojawapo ilisema mwanamke anaweza kurithi na kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hana ruhusa ya kuiuza. Mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Akiwa mzee, hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akamshitaki. Kesi ilianzia mahakama ya mwanzo na ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 jaji alitamka kwamba kanuni ile inapingana na Katiba, ambayo tangu 1984 ina sura ya haki za binadamu, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale aliyonayo mwanamume. Wanasheria Afrika nzima wanaisoma kesi hiyo mpaka leo.

Mwanamke yule hakuwa kwenye baraza la mjini. Alikuwa na kibanja, uzee na shida. Haki ilitamkwa kwa sababu mtu wa kijijini aliibeba shida yake hadi mahakamani bila kukata tamaa. Na hata baada ya hukumu ile, ninyi mnajua vikao vya ukoo vinavyokaa baada ya msiba, na namna mjane na mabinti wanavyoketi pembeni wakisubiri kuambiwa. Hukumu ilitolewa Mwanza. Utekelezaji wake unaamuliwa chini ya mgomba.

Mwisho wake

Gabriela alifariki tarehe 10 Januari 1957, karibu na New York, kwa saratani ya kongosho. Alikuwa na miaka 67, na Doris alikuwa naye. Chile ilikuwa imempa tuzo yake ya taifa ya fasihi mwaka 1951 tu, miaka sita baada ya dunia kumpa Nobel. Mwili ulirudishwa nyumbani kwa heshima zote, na baadaye akazikwa Montegrande, kijiji cha mama na dada yake, kama alivyotaka.

Katika wosia aliagiza mapato ya vitabu vyake yatakayouzwa Amerika ya Kusini yaende kwa watoto maskini wa Montegrande. Hakusema wawe watoto wenye alama nzuri, wala wenye tabia ya kupigiwa mfano. Watoto maskini, basi. Aliyewahi kuitwa mwizi wa karatasi aliacha fedha za kununulia karatasi.

Tukimwangalia Gabriela ni rahisi kusema kwamba mwenye kipaji hakosi njia. Sisi hatukubali. Darasa lile la Vicuña lilikuwa na wasichana wengi, na mabonde yale yalikuwa na shule nyingi. Huyu mmoja alipona kwa sababu nyumbani kulikuwa na dada mwenye kitabu na mshahara mdogo. Waliokosa dada wa namna hiyo hatuna majina yao, na sura zao haziko kwenye noti yoyote.

Kama kijijini kwako kuna binti aliyeondolewa shule kwa neno la mtu, au kwa ujauzito, au kwa kukosa sare, ujue kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaorudi baada ya kujifungua waendelee na masomo katika mfumo rasmi. Mzazi, shangazi au kaka anaweza kwenda naye kwa mwalimu mkuu kuulizia nafasi. Kwa Lucila, mtu huyo alikuwa Emelina.